Mama Alipokuwa Balozi Nyuma ya Pazia

Mdalasini mbichi haunuki kama ule wa dukani. Ukitoka tu kubanduliwa mtini una harufu ya majimaji, kama udongo uliolowa wenye utamu kidogo ndani yake, na harufu hiyo ndiyo iliyoujaza ua wetu pale Mwembesongo kila Jumanne na Ijumaa, wanawake wa Kinole waliposhuka mlimani na mizigo yao na kuingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Walitua vikapu, wakanawa vumbi miguuni, wakakaa kwenye jamvi na kunyoosha magoti yaliyochoka kuteremka. Mama aliwamiminia chai ya rangi, akayapekua magome ya mdalasini moja moja, na huku akipekua aliuliza: mtoto wa fulani amepona? Ndizi zimeshika? Yule mume aliyekwenda mashamba ya miwa amerudi? Kabla jua halijafika katikati ya ua, Mama alikuwa anajua habari za mlima mzima bila kuvuka kizingiti.

Kwa asili sisi tulikuwa Waarabu wa Manga, upande wa Maskati, kama watu walivyotuita, ingawa mtu pekee wa nyumbani aliyewahi kuiona nchi hiyo alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyeletwa Pwani akiwa msichana na asirudi tena. Baba, jina lake Saidi, alikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na njia panda ya Msamvu. Mama alizaliwa Kinole, ambako baba yake alikuwa na kiduka, na alikulia huko akizungumza Kiluguru kama mwenyeji. Alisoma hadi darasa la nne kwenye shule ya masista wa misheni, mpaka baba yake alipoona amekuwa mwali, akamtoa. Akaolewa, akaja mjini, na tangu siku hiyo dunia yake ikawa ua. Baraza ya mbele ilikuwa ya Baba na wageni wake wa kiume, na huko Mama hakukanyaga. Akitoka alivaa baibui na kufunika uso, na lazima aongozane na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi mtoto. Baba hakulitaja jina lake mbele ya wanaume. Alisema "watu wa nyumbani hawajambo", na kila mtu akaelewa. Majirani walimwita Mama Rukia, kwa jina la dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimeshaanza shule nilipogundua kwamba Mama anaitwa Zuwena.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, na masomo yetu mengine tuliyapata kwenye redio na kwenye foleni. Mvua za masika zilikuwa zimekatika mapema, mahindi yalikauka, na mjini tukawa tunakula ule unga wa njano ambao watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo. Watoto tuliokota maneno ya wakubwa tukayachezea: kupe, mnyonyaji, mzururaji. Baba hakuyachezea. Neno mnyonyaji likitamkwa redioni, alipunguza sauti, akatazama dirishani. Alikuwa akiuza chai na maandazi tu, lakini alikuwa Mwarabu, na alihisi kwamba macho ya watu yalimhesabu pamoja na matajiri wa zamani. Kwenye kila kazi ya kujitolea, kuchimba mtaro au kufyatua matofali ya zahanati, yeye alifika wa kwanza na jembe lake, na akarudi nyumbani viganja vimechubuka huku akiuliza: "Kuna mtu kasema kitu?" Hofu hiyo ya Baba niliirithi kabla sijajua inahusu nini.

Balozi wetu wa nyumba kumi, yaani mjumbe wa chama kwa nyumba zetu, alikuwa mzee mmoja mpole, na mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa aliugua akahamia kwa mwanawe Kilosa. Mkutano wa kuchagua mwingine uliitishwa uwanjani, saa kumi alasiri. Baba alikuwa hotelini. Mama, bila shaka, hakwenda. Alikuwa uani akikanda unga, mikono yote miwili imo kwenye sinia, tuliposikia vigelegele vinakuja kwa njia ya nyuma. Waliingia wanawake kama ishirini, wakiongozwa na Agata, mjane wa Kiluguru aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye watoto watatu na mgongo ulionyooka kama mkongojo. Agata alikuwa akipanda Kinole kila wiki kwenye shamba la mama yake na kushuka na mboga za kuuza. Alimshika Mama mabega. "Hongera, balozi. Tumekuchagua wewe." Mama alidhani ni mzaha. Lakini wanawake walieleza wote kwa pamoja: jina lake lilitajwa, watu wakaulizwa nani anamtaka, mikono ikanyanyuka, hata ya wanaume. Sababu nilizijua hata mimi. Unga ulipoanza kuwa wa shida, wanawake walikuwa wakipigana kwenye foleni, na Mama, akiwa ameketi uani, ndiye aliyewapangia: wenye vichanga na vikongwe kwanza, kisha nyumba kwa nyumba kwa zamu. Walimtii bila kujiuliza kwa nini. Ni yeye pia aliyewaandikia barua na kuwasomea majibu, na siri zao hazikutoka nje ya ule ua.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na jiko, tasbihi mkononi. Alingoja vigelegele vitulie. "Nani kalitaja jina lako uwanjani?" aliuliza. "Nauliza, ni mwanamume gani kalitaja jina la mke wa mwanangu mbele ya kadamnasi?" Agata akasema kwa upole kwamba ni yeye aliyelitaja, na ni mwanamke. Kule kwao mlimani, akaongeza, ardhi ni ya ukoo wa mama, na hata mjomba akisema neno, analisema kwa kuwa mama zake wamekubali. "Sisi hatukutoka huko kwenu," alisema Bibi, akageukia ukuta. Mama alikuwa bado na unga mikononi. Nilimtazama usoni nikitafuta kama amefurahi, na nikaona midomo imekauka. Alikuwa akitazama mlango wa kuingilia ndani, mlango ambao Baba angepitia.

Siku ya pili yake alikuja Ami Nasoro, kaka mkubwa wa Baba, ambaye neno lake nyumbani kwetu lilikuwa la mwisho. Waliketi sebuleni baada ya sala ya alasiri, na mimi na Rukia tukajibanza ukumbini. Rukia alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa ameposwa na kijana wa Kilosa, mtu wa upande wa mke wa Ami. "Mke wa mtu," Ami alisema, "ataingia nyumba za watu kuamua ugomvi wa ulevi? Ataitwa na mgambo? Saidi, watu watasema nini?" Baba alisema kwamba kukataa ni hatari pia, kwani watasema Mwarabu anapinga uamuzi wa wananchi. Hapo Ami hakubisha, maana hofu ile ilikuwa yake pia. Mwishowe walikubaliana wenyewe kwa wenyewe, bila Mama kuitwa. Atakuwa balozi kwa jina, atakaa ndani, na Baba ndiye atakayekwenda mikutanoni na kusema. Ami alipokuwa akivaa viatu aliongeza jambo ambalo lilinifanya nimshike Rukia mkono. "Siku atakayosimama mbele ya wanaume, mwandikie talaka yake. Usipoandika, mimi si ndugu yako." Nilijua talaka ni nini. Shuleni kulikuwa na msichana ambaye mama yake alirudishwa kwao Ifakara, na tangu hapo alikuwa anakuja darasani nywele hazijasukwa.

Kwa miezi kadhaa mpango ule ulifanya kazi, tena vizuri kuliko walivyotarajia. Wanawake wenye mashauri waliingia uani kama kawaida. Wanaume walipokelewa kwenye kichumba kati ya sebule na ua, ambako Mama alitundika pazia zito la kijani. Mlalamikaji aliketi upande mmoja kwenye kigoda, Mama upande wa pili kwenye jamvi, na Baba, kama yupo, mlangoni. Nilidhani wanaume watacheka. Kumbe waliliambia pazia lile mambo ambayo wasingeyasema mtu akiwatazama. Alikuwepo mwashi mmoja, Kondo, aliyekuwa akinywa pombe ya mnazi na kumvunjia mkewe vyungu. Mama alimgombeza kwa sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka, akamtajia vyungu vyote kimoja kimoja, na Kondo, jitu la watu, akatoka pale amelowa jasho. Alirudi mara mbili zaidi na makosa yaleyale. Mara ya tatu alianza kulia kabla Mama hajafungua mdomo. Mashauri yakiisha, Mama alimweleza Baba la kusema kwenye tawi la chama, na Baba alilikariri akitembea. Akirudi, Mama alimuuliza walivyojibu, naye alieleza, lakini siku zote kulikuwa na mapengo. "Walisema nini hasa, Baba Rukia?" "Nimeshasahau, lakini walikubali." Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa kama mtu anayepika akiwa chumba cha pili, anaambiwa tu kwamba chungu kinachemka.

Kisha likaja suala la orodha. Ilitangazwa kwamba watu wasio na kazi maalumu mjini watapelekwa vijijini kulima, na kila balozi alete majina ya watu wa namna hiyo katika nyumba zake kumi. Mama alipita nyumba zote kichwani mwake, akamwambia Baba kwamba katika nyumba zetu hakuna mzururaji hata mmoja. Kondo ana mwiko na timazi yake. Agata ni mkulima, ana shamba la mama yake Kinole na meza ya mboga sokoni. "Sema hivyohivyo," Mama alisisitiza. "Wakikubana kuhusu Agata, sema balozi anamdhamini." Baba alikwenda Alhamisi asubuhi, amevaa kanzu safi. Aliporudi hakupitia hotelini. Alikuja moja kwa moja uani, jambo ambalo hakulifanya mchana, akaketi juu ya kibao cha Bibi. Alisema maneno kidogo kidogo. Kila nyumba kumi zilitoa majina, nyingine matano, nyingine saba. Zamu yake ilipofika akasema hana jina. Mtu mmoja nyuma akacheka, akasema huyu Mwarabu anawaficha wazururaji ili wamfanyie kazi hotelini. Katibu wa tawi akanyanyua macho. Akamuuliza, huko kwako hakuna hata mwanamke asiye na mume, anayezungukazunguka? "Nikamtaja," Baba alisema.

"Nani?"

"Agata."

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye udongo, na baibui lake la kutokea lilikuwa limetundikwa kwenye kamba juu ya kichwa chake. Lori lingekuja Jumamosi asubuhi. Kijiji walichotajiwa kilikuwa mbali kwenye mbuga, safari ya kutwa nzima, kwenye joto na malale, kwa watu ambao Agata hakuwajua na ambao hawakulijua shamba la mama yake. Mimi nilicheza na binti yake mdogo kila siku. Jioni ile nilishindwa kumtazama. Alinikuta kwenye bomba akaniuliza kama nimemkasirikia, na nikasema kichwa kinaniuma.

Ijumaa baada ya sala Mama alimwambia Baba kwamba kesho atakwenda mwenyewe. Nilikuwa nikichambua mchele, na mchele ukaanza kuruka nje ya ungo. Baba alisema haiwezekani, kwamba yeye atarudi kuwaeleza. Mama akamuuliza taratibu, "Utawaeleza, au utaogopa tena?" Lilikuwa swali baya kwa mwanamume kuulizwa na mkewe mbele ya mama yake na watoto wake, na nadhani Mama alijua hivyo, maana alilia palepale alipokwisha kulisema. Rukia alilia pia, kwa sababu yake mwenyewe. "Na mimi je?" alisema. "Watu wa Kilosa wakisikia?" Baba aliondoka kwenda kwa Ami. Nilijua amekwenda kuulizia kile kitu cha kuandikwa. Kuanzia saa ile hadi kesho yake nilikuwa nikipima kila kitu cha Mama, mkufu wake, sanduku lake la bati, kama mtu anayejiuliza vipi vitabaki na vipi vitaondoka.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia lilitoka kwa Bibi. Jumamosi kulipopambazuka, Mama alipotoka chumbani amevaa baibui, alimkuta Bibi amesimama mlangoni, naye amevaa lake, jeusi lililopauka, na fimbo mkononi. "Sijakubali," Bibi alisema. "Usidhani nimekubali. Lakini mwanamke wa nyumba hii haendi kwenye wanaume peke yake. Nitakwenda nawe nikasikie aibu kwa masikio yangu." Kisha, akiwa anatafuta kiatu kwa ncha ya mguu, alisema maneno ambayo nimeyatafakari maisha yangu yote. Kwao Manga, wanaume walipokuwa wakisafiri misimu mizima, shangazi yake ndiye aliyekuwa akigawa maji ya mfereji kwa mashamba ya mitende ya ukoo wote, na kusuluhisha watu na mapanga yao. "Wanaume wakirudi, walisifiwa kwa kuacha mambo vizuri. Na mimi nyumba hii nimeiendesha tangu babu yenu alipokufa. Nani anajua? Hakuna. Ndiyo heshima." Mama akasema, "Bibi, asiyejulikana hawezi kumtetea mtu." Bibi alinishika mkono na tukatoka, watatu, kwa mlango wa mbele, kupitia barazani.

Uwanja mbele ya ofisi ya tawi ulikuwa umejaa. Lori lilikuwa limeshafika, bodi lake la nyuma limeteremshwa, na watu walikuwa wakipandishwa na mikeka, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Agata alikuwa mstarini na watoto wake, amevaa nguo zake za kanisani. Hakuwa analia. Wanaume walikuwa wamesimama makundi makundi, na tulipopita kati yao nilihisi ukimya unatufuata kama mkia. Mkono wa Bibi ulikuwa baridi. Wa Mama nilikuwa nimeushika upande wa pili, na bangili zake zililia kila hatua. Katibu, kijana aliyevaa kaunda suti ya khaki, alikuwa akisoma majina kwa ukali. Alipogeuka na kumwona Bibi, ilibidi asite. "Shikamoo, bibi," alisema. Bibi alimchelewesha, kisha akamjibu, "Marahaba." Baada ya hapo ule ukali haukurudi wote.

"Kuna jina limeandikwa kwa makosa," Mama alisema. "Agata ni mkulima na ana meza sokoni. Si mzururaji."

"Wewe ni nani, mama?"

"Balozi wa nyumba zake."

Katibu alitazama daftari. "Balozi wa hapo ni yule bwana wa hoteli. Ndiye anayekuja siku zote. Ndiye aliyelitaja jina hili."

"Soma lililoandikwa hapo juu."

Alisoma. "Zuwena binti Salim," alisema, kwa sauti kubwa, mbele ya uwanja mzima, na nikamwona Bibi anafumba macho. Katibu akanyanyua kichwa. "Haya, nitajuaje kwamba wewe ndiye? Mimi huyu Zuwena sijawahi kumwona hata siku moja. Umefunika uso. Anaweza kuja mwanamke yeyote hapa akasema ni balozi." Watu wengine wakacheka. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Miezi yote ile tulikuwa tumemficha kwa ustadi mkubwa, na sasa alipotaka kuonekana hapakuwa na mtu wa kumtambua. Mkono wake ulipanda hadi kwenye ushungi, ukabaki hapo. Nilijua kwamba akiufunua mbele ya wanaume wale, Ami hatahitaji sababu nyingine. Nilitamani aufunue na nilitamani asiufunue.

Ndipo mtu akasema kutoka kwenye kundi la mafundi, "Ni yeye. Sauti hiyo naijua." Alikuwa Kondo. "Imeshanigombeza mara tatu. Hata nikifumba macho naijua." Watu wakaangua kicheko, lakini safari hii kilikuwa kicheko cha aina nyingine, na mwanamume wa pili akasema naye anaijua, na wa tatu, na wanawake wakapiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye. Mama alishusha mkono bila kuufunua uso. Katibu alisema sawa, lakini mumewe alishataja, na neno la mume wake yeye analifuta vipi? Baba alikuwa amesimama pembeni karibu na gurudumu la lori. Sijui alifika saa ngapi. Alikuja mbele polepole, kofia mkononi. "Nilikosea," alisema. "Niliogopa. Mke wangu aliniambia kweli, mimi nikasema uongo." Sijawahi kumsikia mwanamume wa kwetu akisema maneno hayo, si kabla wala baada. Katibu alimtazama Baba, akamtazama Bibi na fimbo yake, akapiga mstari kwenye karatasi. "Huyo mmoja tu," alisema.

Agata alitoka mstarini. Na hapo hapo, kutoka juu ya lori, msichana mmoja nisiyemjua, wa umri wa Rukia hivi, aliita: "Mama balozi! Na mimi! Mimi nafua nguo za watu, muulize yeyote!" Mama aligeuka. Alimuuliza katibu, na katibu akasema huyo si wa nyumba zako. Ilikuwa kweli. Mama alisimama akimtazama yule msichana mpaka bodi likafungwa na lori likaondoka, na yule msichana hakuacha kuita. Tuliporudi nyumbani watu walikuwa wakipiga vigelegele njia nzima, na Mama aliingia msalani akatapika.

Malipo yalikuja moja moja. Wiki ya pili ilifika barua kutoka Kilosa, fupi, yenye salamu nyingi, ikisema kijana bado hajawa tayari kuoa. Rukia hakusema na Mama mfungo mzima wa Ramadhani. Alipika, akafuturisha, akaondoa vyombo, kama mtumishi katika nyumba ya wageni. Ami Nasoro alituma ujumbe kwamba hataingia tena kwetu, na hakuingia hadi siku ya mazishi ya Baba. Kuhusu talaka, Baba hakusema lolote. Kwa wiki nyingi kila alipokohoa kabla ya kuzungumza nilisimama nilipo nikingoja neno lenyewe, na kila mara alisema kitu kingine, chumvi imezidi, au viatu vyangu viko wapi. Hakuandika. Siku moja alirudi mapema, akalitungua pazia la kijani, akalikunja, akampa Mama bila maelezo. Tangu hapo Mama alikwenda mikutanoni mwenyewe, amefunika uso, na Bibi akaketi pembeni yake kwenye mkeka, akinung'unika kwamba hajakubali, hadi miguu ilipomkatalia. Mama aliniambia alipozeeka kwamba hakuwahi kwenda mkutano hata mmoja bila kusikia sauti ya yule msichana wa kwenye lori. Na Rukia walipatana, lakini ilichukua miaka, na kuna mambo baina yao ambayo hayakurudi mahali pake.

Rukia baadaye aliolewa na mtu mwingine, wakahamia Maskati, kama walivyofanya wengi wa kwetu. Binti yake leo ni mkuu wa kitengo katika ofisi moja huko, ana wanaume kumi na wanne chini yake, na jina lake limeandikwa mlangoni. Hunipigia simu Ijumaa. Juzi aliniambia kwamba wenzake wa kiume hukutana jioni kwenye majlisi, zile baraza za wanaume, za wakubwa wao, wakinywa kahawa, na huko ndiko mambo huamuliwa. Asubuhi yeye huletewa uamuzi ausaini. "Hawanizuii, mama mdogo," alisema. "Wananiheshimu sana. Ila hawanialiki, na mimi siwezi kwenda." Aliniuliza bibi yake, yaani Mama, angefanya nini. Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwambia kweli, kwamba bibi yake angeogopa sana, angekosa usingizi, na kwamba mama yake mzazi ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya ujasiri ule, kwa hiyo asiusimulie kama hadithi ya kujifurahisha.

Hapa Mwembesongo mwenyekiti wetu wa mtaa sasa ni mwanamke, Mwislamu, mama wa watoto wanne. Hakuna aliyemkalia kikao, na mume wake nilimwona siku ya kampeni akibandika picha zake ukutani. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wake kuhusu mitaro ya maji ya mvua. Alisimama na kusalimia, akaanza kuzungumza bila karatasi. Nyuma yangu mzee mmoja alimuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Huyu ni mke wa nani?" Alipotajiwa jina la mume aliridhika, akaketi sawasawa na kuanza kusikiliza. Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye suala la pili. Alimkatiza diwani katikati ya sentensi, akamwambia asubiri zamu yake, na diwani akasubiri. Ndipo nikagundua kwamba tangu aliposimama nilikuwa nimebana pumzi, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa akiogopa kitu chochote.